Siku Mwalo Mzima Ulipogeuka

Majirani zake wa Kasingirima waliamini Recho ana maringo. Mwalo wa Ujiji, pale boti zinaposhusha samaki, haukuwa mbali na mlango wake, lakini yeye alifunga safari hadi Katubuka kununua dagaa waliochoka kuliko mnunuzi. Elikana, mumewe, alifikia kudhani kuna mganga aliyemkataza maji. Ukweli ulikuwa mdogo na wa kuchekesha: mwanamke mzima, mama wa mtoto, alikuwa anaogopa mchanga.

Pale mwaloni, miaka michache nyuma, mambo mawili yalitokea mchana mmoja. Recho alijifungua, na mashine ya boti ya Bi Shadia, mmoja wa wanawake wa dagaa, ikaibwa. Aliyefanya la kwanza kila mtu alimwona, au tuseme alimsikia. Aliyefanya la pili hajulikani mpaka leo.

Siku hiyo kliniki walikuwa wamemwambia asitembee mbali. Yeye akashikwa na hamu ya samaki, mgebuka mbichi, na hamu ya mja mzito haisikii nesi. Akashuka mpaka penye boti, akasimama na tumbo lake akibishana bei. Tumbo likauma, akasema ni ule muhogo wa asubuhi. Likauma tena, akamlaumu muuzaji. Huenda ndiye mwanamke wa kwanza Ujiji kupata uchungu wa kuzaa akadhani ni uchungu wa bei. Alipokuja kuelewa, alikuwa ameshakaa chini, kando ya maji, na mgebuka bado yuko mkononi.

Wanawake wa dagaa wakaacha vichanja vyao wakaja mbio. Wakavua kanga za mabegani, wakamzungushia ukuta. Na wanaume je? Wanaume wa Ujiji wana adabu zao. Waliokuwa wanashona nyavu, waliokuwa wanacheza bao, wachukuzi, wote walisogea juu, wakageuka, wakaelekea mlimani na kulipa ziwa mgongo. Wakabaki hivyo mpaka kitoto kilipolia. Bi Shadia ndiye aliyekipokea. Akakifunga kwenye kanga yake, wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakaruhusiwa kugeuka. Ndipo Feliksi, nahodha wa Bi Shadia, akatazama boti yake na kuiona nyuma tupu.

Polisi walikuja. Ufukwe mzima, hapakuwa na shahidi hata mmoja. Afande akamgeukia Recho: wewe peke yako ndiye uliyekuwa umeelekea ziwani, uliona nini?

"Afande," Recho alimjibu, "nilikuwa na kazi."

Watu walicheka. Lakini kicheko cha mwaloni kina mkia. Kesho yake maneno yakaanza: labda yule mwanamke alikuwa chambo. Labda wezi walimpanga. Recho akajiuliza mtu anapangwaje kuzaa, lakini aibu haina masikio. Desturi ilimtaka, mtoto akishatoka ndani, ampeleke kwa aliyempokea, abebwe na aombewe dua. Hakwenda. Angeanzia wapi? Shikamoo, Bi Shadia, huyu hapa ndiye aliyekugharimu mashine? Ile kanga akaifua, akaificha sandukuni, chini kabisa. Iliandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Kila alipoiona alihisi inamsimanga.

Alipoanza masomo ya jioni ya watu wazima, mwalimu Bonifasi aliwafundisha maana ya ushahidi, na Recho akarudi nyumbani mpelelezi kamili. Alimvizia Thobias mshona nyavu sokoni, akamuuliza aliona nini siku ile.

"Ukuta wa choo," Thobias alisema. "Una nyufa. Nikuchoree?"

Mwingine alimkumbuka mbuzi. Kila mwanaume aliujua ule mlima kama kiganja chake. Upelelezi ukafia hapo, na mpelelezi akaenda kupika ugali.

Angeendelea kwenda Katubuka mpaka uzeeni, kama si binti yake, Regina, kurudi siku moja kutoka chekechea na macho mekundu. Wenzake wanamwita Mashine.

"Mama, eti mimi niliiba?"

Recho alicheka kwanza, kama kawaida yake. Kisha akaona mtoto hacheki. Ya kwake aliweza kuibeba na kuitania. Ya mtoto, hapana. Akafungua sanduku.

Mwaloni walimtambua kabla hajafika. "Yemwe, jamani! Ficheni mashine!" alipaza sauti Thobias, na ufukwe ukaangua kicheko. Miguu ya Recho ilitaka kurudi. Mkono wa Regina ukamshikilia.

Bi Shadia alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Bi Shadia."

"Marahaba. Umekuja na kanga yangu?"

Recho akaitoa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimkimbia. Yakabaki yale yasiyopangwa. "Bi Shadia, sikujua watachukua. Nilikuja kununua mgebuka tu."

Mama mtu mzima akainua kichwa, akamtazama kama mtu anayetazama chungu kilichoungua. "Wewe mtoto, soma ya jioni na ya asubuhi, bado huna akili! Nani alikwambia nalilia mashine? Mashine niliilia, nikamaliza. Feliksi alipiga kasia mpaka nikapata nyingine. Mimi nilikuwa nalilia mtu niliyempokea kwa mikono hii, nikanyimwa kumbeba. Hiyo ndiyo iliyonichoma."

"Watu walisema mimi chambo..."

"Chambo gani anang'ata watu? Uliniuma hapa!" Akaonyesha mkono. Wanawake wakagongana viganja kwa kucheka. "Siku ile Ujiji nzima ilikuwa na adabu, isipokuwa mwanaume mmoja. Aibu ni yake, popote alipo. Haya, nipe mjukuu wangu."

Akambeba Regina, ijapokuwa miguu ya mtoto ilikaribia kuburuza, akamwombea dua ndefu. "Na anayemwita Mashine," alimalizia kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye bao, "aje aniite mimi kwanza."

Thobias akainamia nyavu zake.

Regina, alipowekwa chini, alikimbilia ziwani akarudi ameloa chapachapa. Ikabidi abadilishwe nguo. Wanawake wakavua kanga, na wanaume, kwa mazoea, wakaanza kugeukia mlimani.

"Weee!" Bi Shadia alimkamata mtoto mkono, akampandisha mpaka juu, kando ya ule ukuta wa choo. "Huko chini hatuvuliani tena nguo. Njooni huku. Na nyie wanaume, leo mgeukie ziwani! Feliksi, kodoa macho!"

Wakageuka wote, wakazikodolea boti. Recho alishika ncha ya kanga na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Wakati wa kuondoka alinunua mgebuka, bila kubishana bei.