Mdudu wa Mzee Mohsin

Mzee Mohsin alianguka kwenye harusi ya mpwa wake, mbele ya sinia la biriani, akatetemeka na kutoka povu, na ukumbi mzima ukakubaliana kuwa ni jini. Mwenyewe hakupinga. Jini lina heshima yake, halipandi kichwani kwa kila kabwela. Alipoanguka mara ya pili, bafuni, mkewe Shamsiya akasema sasa yatosha, akampeleka hospitali, na huko wakampiga picha ya ubongo.

Dokta Nasra alimwonyesha kwenye kompyuta. Vilikuwa vidoa kumi na moja, vimetawanyika kama ufuta juu ya mkate.

"Vidoa vingi namna hii huletwa na mambo mengi," alisema. "Kifua kikuu huweza kupanda kichwani. Usaha pia, au saratani iliyosambaa. Lakini hivi vyako, kwa ninavyoviona, ni mdudu."

"Mdudu gani?"

Dokta alikohoa kidogo. "Mdudu, Mzee. Kitimoto."

Mzee Mohsin alihisi kiti kinamkimbia. Nyama ya nguruwe hakuwahi hata kuitaja jina. Ni yeye aliyezunguka mtaa mzima na karatasi ya saini mpaka jirani yake Ernesti akafunga banda lake la kuichoma.

"Haiwezi kuwa saratani?" aliuliza kwa matumaini.

"Alhamdulillahi, si saratani, na dawa ipo. Wala si lazima uwe umemla. Mtu mwenye mnyoo wa nguruwe tumboni akitoka chooni asinawe vizuri, kisha akashika chakula chako, wewe unameza mayai yake, na mayai yanakwenda kichwani. Mtu huyo yuko karibu nawe. Wote mnaokula chungu kimoja mlete choo, tupime."

Katika maelezo yote hayo Mzee aliokota neno moja tu, mtu. Na mtu huyo alishamjua. Precious, mpishi wao, Mlutheri wa Lushoto, alikuwa jikoni kwake mwaka wa nane. Kila siku kabla hajagusa unga, Mzee alimsimamia bombani: "Sabuni, Precious! Mara tatu!" Naye alinawa na kuhesabu kwa sauti. Kumbe alikuwa anamzuga.

Alipofika nyumbani alimwambia afungashe.

"Nimekosa nini, Baba?"

"Mikono yako," alisema, akageuka asiyaone machozi.

"Umemwonea mtoto wa watu," Shamsiya alimwambia. Mzee akaenda barazani kupokea wageni. Waliokuja kumjulia hali aliwaambia madaktari wanahofia saratani, akapokea pole zao kwa unyenyekevu mkubwa.

Lakini Shamsiya hakuwa mtu wa kuachia jambo njiani. Alipeleka vikopo vinne hospitali: chake, cha mumewe, cha mtoto wao Wael, na cha Precious, aliyemfuata mwenyewe Muheza kwa shangazi yake. Majibu yalipotoka, Dokta Nasra alimwita Mzee peke yake.

"Mama hana kitu. Wael hana. Precious ni msafi kabisa. Mwenye mnyoo ni wewe. Mayai umejilisha kwa mikono yako mwenyewe."

"Mimi? Sijala haramu tangu nizaliwe!"

"Nyama isiyoiva sawasawa, Mzee, huli popote?"

Mzee alikumbuka mishkaki. Kila Alhamisi, akienda Muheza kuangalia machungwa yake yakipakiwa, alipitia mishkaki pale njia panda. Alitaka yenye wekundu ndani. Nyama ile ilikuwa laini, mafuta yanachuruzika hadi kiwikoni, naye hakuacha kumsifu muuzaji: "Ng'ombe wako amenona, bwana! Mjini hatuna ng'ombe kama huyu." Muuzaji alicheka sana kila mara. Mzee alidhani ni kicheko cha shukrani.

Alhamisi iliyofuata alikwenda Muheza, akapita njia panda ameinamisha uso, na hakwenda kwenye machungwa. Alimkuta Precious uani kwa shangazi yake, anaepua ugali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamweleza yote, mpaka mishkaki, mambo ambayo hata Shamsiya hajamwambia. "Mikono ilikuwa yangu. Nisamehe, urudi nyumbani."

Precious aliufunika ugali. Aliingia ndani, akatoka na jagi la maji, beseni na kipande cha sabuni, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote aliyekuta chakula kiko tayari.

"Karibu ugali, Baba."

Mzee alinyoosha mikono. Maji yakamiminika, akaisugua harakaharaka kama alivyozoea, akataka kuitoa.

Jagi likabaki pale pale juu ya beseni.

"Sabuni, Baba," alisema Precious kwa upole. "Mara tatu."

Mzee Mohsin akachukua sabuni, akaanza upya, akihesabu kwa sauti.