Mke wa Mwenye Kinu

Usiku wa kuamkia jana niliota namtafuta mtu asiye na jina, na wenye majina walikuwa wengi kupita kiasi.

Kwanza niseme kisa chenyewe. Mimi ni mtu wa Pangani niliyeolewa Welisi, kwa ukoo wa wakulima na wasaga nafaka. (Usimwambie Mwelisi kwamba kwao ni Uingereza. Mimi nilisema mara moja, ikatosha.) Baba mkwe wangu, mzee Emlyn, alifiwa na mama akiwa na siku tisa, akalelewa na bibi yake kinuni, kinu kikubwa cha mawe kinachosaga kwa nguvu ya maji. Alimwita Nain, na hilo ni neno lao la kumwita bibi yeyote. Bibi alipofariki mjukuu alikuwa na miaka minane, na kaburini wakaandika "Mke wa Mwenye Kinu", basi. Leo mzee ana miaka themanini na tisa na kifua kibovu, naye anataka jambo moja tu: amshukuru bibi yake kwa jina lake kabla hajamfuata. Miaka miwili nimepekua madaftari ya kanisa, nimetoka mikono mitupu.

Ndotoni, daftari lenyewe likaniuliza natafuta mlango upi wa ukoo. Nikasema mlango wa kina Ifan, maana mume wa bibi aliitwa Ifan bin Dafydd. Likafunguka, na kweli ulikuwa mlango, wa mbao, una kitasa. Nikabisha hodi.

"Namtafuta Ifan bin Dafydd."

"Naam," wakaitika wanaume kumi na wanne.

Nikasema basi, Dafydd bin Ifan. Wakaitika walewale. Kule baba na mwana walipokezana majina kama ndugu wawili wenye koti moja. Nikauliza wanatofautishanaje, wakanieleza bila haraka kwamba ni kwa mashamba: huyu Ifan wa Kilimani, yule wa Darajani, yule wa Matopeni, naye hakuona aibu. Nikauliza juu ya mke wa Ifan wa Kinuni. Walikumbuka mkate wake, walikumbuka alivyowagombeza wakija na shayiri mbichi. Jina hawakulikumbuka hata mmoja.

Nakiri nilikasirika. Watu kumi na wanne wamekula mkate wa mikono ya mtu mmoja, na hawajui aliitwa nani.

Nilipogeuka niondoke, sakafu ilikuwa maji. Nasimama ndani ya mfereji wa kinu, baridi imenifika magotini, gurudumu linazunguka juu yangu. Naingia ndani. Jiwe la juu linasaga na kuongea. La chini linasikiliza tu, kama ilivyo katika ndoa nyingi.

"Umemtafuta kwa jina gani?" likaniuliza jiwe la juu.

"La mumewe."

"Na wewe ulipoolewa, kwenu wakakuitaje?"

"Binti Mwinjuma, kama zamani."

"Na mama yako?"

"Binti Kipanga, mpaka tukamzika."

Jiwe likapunguza mwendo. "Hapa nako kulikuwa hivyo hivyo. Aliolewa mwanamke, jina lilibaki la baba yake. Wenyewe wamesahau. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikaona haya. Miaka miwili nimehangaika na jambo ambalo nilinyonya nalo ziwa.

Nyuma ya jiwe akatokea mwanamke mfupi, mabega yamejaa unga, amebeba gunia. Alizungumza Kiswahili cha Pangani, jambo ambalo halikunishangaza hata kidogo. Akauliza kama mtoto wake anakula. Nikasema anakula, ila kidogo. Akauliza kama bado anakohoa ikinyesha mvua. Nikasema anakohoa.

"Anataka kukushukuru," nikamwambia, "lakini hajui akuite nani."

"Lowri Prys," akasema. "Alinishukuru kila asubuhi kwa kumaliza uji. Lakini mwambie aseme tu, sichoki kusikia."

Nikaamka. Kando ya kitanda palikuwa na mfuko wa kitambaa ninamowekea karatasi za utafiti, mfuko ambao siku zote huachwa wazi. Ulikuwa umefungwa mdomo kwa kamba, na fundo lenyewe sikulijua lianziapo wala liishiapo. Nilijaribu kwa kucha, nikajaribu kwa meno. Mwisho nikashuka nao jikoni hivyo hivyo.

Mzee Emlyn alikuwa anatia maziwa kwenye chai. Akaliona fundo, akaweka jagi chini.

"Nani amelifunga hili, mwanangu?"

"Sijui, baba."

"Ni fundo la magunia," akasema. "Watu wote walizungusha mara mbili. Nain alizungusha mara tatu, maana vidole vyake viwili vilikuwa havikunjiki." Akavuta ncha moja, fundo likaachia kama halikuwahi kuwepo.

Nikamwambia jina. Nililia nikilitamka, na sioni haya kusema hivyo. Mzee akalirudia kimya kimya, midomo tu ikicheza, mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akasimama, akashika kiti.

"Asante, Lowri Prys," akasema.

Akaufunga tena mfuko, kamba ikazunguka mara tatu, akaniomba nisiufungue.