Uzi Juu ya Simu

Wiki mbili nzima wagonjwa walikuwa wanamwambia Kasuku neno lile lile: "Ongea, dada, sikusikii." Na yeye alikuwa anaongea mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

Jina la Kasuku alipewa kazini, kwa sababu kutwa alikuwa anawapigia watu kuwakumbusha siku zao za kupimwa macho. Alikaa dirishani, kwenye meza yenye hewa na mwanga. Kwenye meza ya ukutani, chini ya bomba linalodondosha maji, alikaa Mama Pacha. Simu zao zilikuwa za aina moja, zile zinazopita kwenye intaneti, zenye kioo kidogo na vitufe vingi kuliko kazi yenyewe.

Jumatatu Meneja alimwita. Wagonjwa tisa hawakutokea, na wote wanasema walipigiwa na mtu anayenong'ona.

"Mimi natoka, nina semina. Nikirudi Ijumaa nikute lalamiko lingine, unashuka chini kwenye mafaili. Mama Pacha atakaa dirishani."

Kasuku alitoka na neno moja tu kichwani: dirishani. Kumbe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu hapo Mama Pacha akichelewa kuondoka, kuna jambo. Akiwahi kufika, kuna jambo. Akileta chai, Kasuku anainusa kwanza.

"Mwenzangu, siku hizi unaniangalia kama nimekuibia kuku," Mama Pacha alisema akicheka.

"Mwizi wa kuku anajijua."

Jumanne jioni, Kasuku alisubiri chumba kiwe kitupu. Akatoa uzi mwekundu kwenye mkebe wake wa kushonea, akaulaza juu ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Hedifoni yake, ile yenye maiki mbele ya mdomo, akaitia mkobani kama kawaida. Hiyo hakuna mtu aliyewahi kuishika. Ilikuwa inalala kwake nyumbani.

Asubuhi uzi ulikuwa sakafuni, karibu na kiti cha Mama Pacha.

Kasuku alichukua karatasi. Aliandika barua kwa mkono, ukurasa na nusu, kwamba mwenzake anamchezea simu ili ampokonye meza. Akaisukuma chini ya mlango wa Meneja, ikaingia ndani. Roho ikatulia.

Alhamisi akaja fundi wa simu, baba mmoja mpole aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio kama kalamu.

"Nataka uniambie nani ameichezea," Kasuku alimwambia chini chini, huku nyusi zikielekea ukutani.

"Tuanze na simu, mama. Watu baadaye."

Fundi aliinua mkonga wa simu ya Kasuku, akapiga meza ya pili. "Unanisikia?"

"Kama uko tumboni mwangu," alijibu Mama Pacha.

Akabonyeza kushusha sauti mpaka mwisho. "Na sasa?"

"Vile vile."

"Umeona?" Fundi alimgeukia Kasuku. "Hivi vitufe ni vya wewe kusikia. Hata mtu avishushe mpaka kuzimu, mgonjwa wa upande wa pili hapotezi kitu."

Fundi akachomeka hedifoni ya Mama Pacha kwenye simu ya Kasuku, akajaribu. Sauti safi.

"Sasa lete yako."

"Yangu haina shida. Hakuna anayeigusa."

"Ndiyo maana naitaka."

Akaitoa mkobani. Maiki ilikuwa imevikwa kifuko: taulo mikunjo miwili, pamba katikati, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Alikishona wiki mbili nyuma, Mama Pacha alipokuwa anakohoa, asije akaiazima kwa siri akamwachia mafua.

Fundi alikibonyeza kwa kidole. "Mama, umeivalisha blanketi."

Akakivua. "Haloo," Kasuku alisema, na Mama Pacha akautupa mkonga mbali na sikio.

"Taratibu, jamani, utanitoboa."

Na ule uzi? Mfagizi alikuwa anafuta simu zote kila alfajiri. Kasuku alilijua hilo miaka yote.

Jioni Mama Pacha alirudi kuchukua mwavuli, akamkuta amepiga magoti mlangoni kwa Meneja, anachokoa chini ya mlango kwa rula. Barua ilizidi kwenda ndani.

"Umeangusha nini?"

Kasuku alifungua mdomo aseme pete. Ikatoka barua. Ukatoka na uzi, ikatoka na chai. Alisema yote akiwa bado kwenye magoti, kwa sababu kesho saa mbili Meneja angeyasoma mwenyewe.

Mama Pacha alimsogeza pembeni. Alinyoosha waya wa kuning'inizia koti, akalala kifudifudi, akavuta mpaka karatasi ikatoka. Kasuku alinyoosha mkono.

"Hii inanihusu mimi," Mama Pacha alisema. Akaikunja mara nne, akaitia mkobani mwake, akafunga zipu.

Ijumaa Meneja aliuliza kama kuna lalamiko. Halikuwepo. "Basi kaa hapo hapo dirishani," akasema, akaingia ofisini kwake.

Kasuku alikaa. Mama Pacha alikuwa ametoka kwenda kuchemsha maji, na mkoba wake ameondoka nao. Upande wa ukutani, juu ya vitufe vya simu ya Mama Pacha, ulikuwa umelazwa uzi mwekundu, umenyooka kabisa.