Bibi Harusi Karakanani

Kazi ya Taratibu ilikuwa kuwapeleka maharusi ukumbini, na jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa sababu hakuna tuta la barabarani alilowahi kulivuka kwa pupa. Gari lake la zamani, jeupe na refu, lilimfaa miaka mingi mpaka lilipoanza uzee wa kisirani. Lilikohoa kwenye mataa, likatemea moshi shela za watu, na siku moja likachemka maji mbele ya ukumbi wakati mpiga picha anasema, "Tabasamu!" Picha ile ilitoka na wingu. Taratibu akakata shauri: linauzwa, na litakalofuata litakuwa la umeme.

Mkewe, fundi cherehani, hakumpinga. Alimwuliza swali moja tu, huku sindano iko mdomoni. "Utalichajia wapi, baba? Sisi tunakaa ghorofa ya pili."

Na kweli, shughuli ilikuwa hapo. Gari jipya lilipofika, jeupe, limetulia, halisikiki hata likiwaka, Taratibu aliteremsha waya wa kurefushia kupitia dirisha la jikoni hadi uani. Haukupita muda, jikoni kukaanza kunuka plastiki inayoungua. Fundi umeme aliyeitwa mbio aliushika ule waya, akautupa chini haraka, akapuliza vidole. "Mzee, huu ni waya wa redio. Ulitaka kuchoma nyumba?" Ikabidi afunge waya mnene kutoka kwenye mita hadi ukutani mwa maegesho, baada ya mwenye nyumba kubembelezwa wiki nzima.

Kumbe bado. Chumba cha chini alikaa Mama Pasi, mwanamke aliyefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa. Akiwasha pasi zake mbili na gari nalo linachajiwa, swichi kuu inaruka, jengo zima linakuwa kimya, na watu wanatoka kwenye ngazi kumtafuta mchawi. Mara ya tatu Mama Pasi alimtolea uvivu. "Jirani, gari lako linakula umeme kuliko sisi sote, na wala halifui!" Walikaa kitako, wakanywa chai, wakakubaliana: asubuhi na mchana ni zamu ya pasi, jioni ni zamu ya gari. Tangu hapo wakaishi kwa amani, na Taratibu akajifunza kitu: kabla hujachomeka, uliza kwanza nani anatumia nini.

Basi, ikafika Jumamosi moja aliyokuwa na harusi. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika mtaa mzima, ukarudi alfajiri. Alipoamka, betri ilikuwa nusu na kidogo. Akapitia kituo cha kuchajia karibu na soko: mashine moja imevishwa gunia, nyingine ina foleni ya magari, na wenyewe wamelala ndani. Akapiga hesabu kichwani. Kufika kwa bibi harusi, kisha ukumbini kwa barabara ya bondeni, umeme unatosha na wa kubaki upo. Akaenda zake.

Nyumbani kwa bibi harusi alipokewa na baba mtu, mzee mpana aliyeendesha malori hadi alipostaafu. Mama mtu alikuwa ametangulia ukumbini. Mzee alilizunguka gari, akalipiga tairi teke la kitaalamu.

"Injini yake iko wapi?"

"Halina injini, mzee. Lina mota."

"Basi hili ni feni," mzee akasema. "Rafiki yangu alikuwa tayari kutuazima gari lake, gari la maana, linanguruma. Binti akakataa katakata. Anataka feni."

Bibi harusi, aliyekuwa akikusanya gauni lake pande zote, alitabasamu tu na kuingia. Baba yake akaketi kando yake, magoti yakikaribia kidevu.

Walikwenda vizuri hadi njiapanda. Hapo wakakuta barabara ya bondeni imechimbwa mtaro wa mabomba, na mtu mwenye bendera nyekundu anawaelekeza wote juu, barabara ya kilimani. Jua lilikuwa kali, kiyoyozi kinanguruma ili vipodozi visiyeyuke, na namba ya asilimia ya betri mbele ya usukani ikawa inashuka kama ndoo iliyotoboka. Walipofika chini ya mwinuko mkubwa wa mwisho, taa nyekundu ikawaka.

Jasho jembamba likamtoka. Katika miaka yake yote hakuwahi kumchelewesha bibi harusi. Angeweza kujaribu kupanda na kuomba dua, lakini alijiona amekwama katikati ya kilima, malori nyuma yake yanapiga honi, na msichana amesimama juani na gauni lake. Akapiga moyo konde.

"Mwanangu, niwe mkweli. Umeme hautufikishi juu ya kilima. Inabidi tusimame pahali tuchaji kidogo."

"Nilijua!" mzee akapiga paja. "Nilijua tu!"

"Baba," bibi harusi akasema kwa upole.

Pembeni mwa barabara kulikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, mageti yamepangwa nje na cheche zinaruka ndani. Fundi alizima mashine, akapandisha miwani yake myeusi, macho yakamtoka pima.

"Gari limeharibika?"

"Limeishiwa umeme, kaka."

Fundi alimtazama bibi harusi kuanzia taji hadi viatu. "Na yeye je, mnamchaji?"

Bibi harusi alicheka hadi akashika mbavu. Taratibu hakuchomeka hivihivi. Aliuliza ile mashine inavuta umeme kiasi gani, akaeleza kwamba vyote viwili kwa pamoja swichi haitahimili. Fundi akasema hamna neno, mgongo umemchoka tangu asubuhi. Akatoa benchi jipya, akalifuta, akalitandika maboksi mawili safi, akaenda kutafuta chai.

Bibi harusi akampigia simu mchumba wake. "Nipo karakanani," alisema. "Hapana, sijatoroka. Tunachaji." Akasikiliza, akacheka. "Amesema anasubiri," akamwambia Taratibu. "Hana pa kwenda."

Wakakaa. Mzee hakuweza kuzuia ulimi wake. "Ungekubali lile gari la rafiki yangu, sasa hivi tungekuwa tunapigwa picha."

"Ningefika nimetapika, baba."

"Utapike kwa nini?"

"Harufu ya mafuta. Tangu nikiwa mdogo. Nikikaa kwenye gari, hata safari fupi, kichwa kinazunguka na tumbo linapanda. Ndiyo maana shule nilikwenda kwa miguu."

Mzee aligeuka mzima mzima. "Mbona sikujua?"

"Ulikuwa safarini. Mama alidhani unajua."

Taratibu, aliyesimama hatua chache tu, aliinama akajifanya anakagua plagi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Nilipokuwa nikirudi na lori," mzee akasema polepole, "nilikuwa nakuita nikuzungushe kidogo mtaani. Watoto wa wenzangu waligombania. Wewe ulikuwa unakimbilia ndani. Mimi nikasema, basi, huyu anamwonea haya baba yake mwenye grisi. Nikaacha kukuita."

"Baba! Nilikuwa nakimbilia chooni!"

Mzee alimkodolea macho. Kisha kicheko kikaanzia mbali ndani ya kifua chake, kikapanda hadi mabega yakatikisika na machozi yakatoka, na haikujulikana tena ni ya kucheka au ya jambo jingine. Bibi harusi akamfuta kwa ncha ya kitambaa chake cheupe. "Na leo?" mzee akauliza alipopata pumzi. "Leo je, kichwa kinazunguka?"

"Leo sijambo kabisa. Hii ndiyo safari yetu ya kwanza mimi na wewe nikiwa mzima."

Fundi aliporudi na chai walikuwa wameshikana mikono kama watoto.

Betri ilipopata kiasi cha kupandia, waliaga. Taratibu alizima kiyoyozi na kushusha vioo. Upepo ukaingia kwa nguvu, na mzee akaishika shela kwa mikono miwili, kama turubai la mzigo. Namba ilipungua, ikapungua tena, wote watatu wakiikodolea macho bila kupumua. Wakafika kileleni na chembe tu ya umeme.

Kisha wakaanza kuteremka. Taratibu akaachia pedali, gari likajizuia lenyewe, na ile namba ikatulia, ikaongezeka kidogo, ikaongezeka tena.

"Subiri kwanza," mzee akasema. "Inapanda?"

"Tukishuka, magurudumu yanaizungusha mota, mzee, na mota inarudisha umeme kwenye betri."

"Inarudi!" mzee akapiga kelele dirishani, akimwambia mpita njia asiyemjua. "Nimeteremka milima maisha yangu yote nikichoma breki, na lori halikunirudishia hata tone!"

Walichelewa, ndiyo, lakini watu waliwapokea kwa vigelegele, na bwana harusi alikuja mbio hadi mlangoni. Mama mtu alimkagua binti yake kutoka kichwani hadi miguuni, akakuta alama ndogo ya vumbi la chuma kwenye pindo, akaikung'uta bila kuuliza. Msimamizi wa ukumbi alimruhusu Taratibu kuchomeka nyuma ya jiko, naye akakaa kivulini na sahani ya chakula, moyo mweupe.

Wali ulipokuwa ukiendelea kupakuliwa, mzee alimjia na koti begani. Alitaka kuiona hiyo mota. Neno likazaa neno, na mama mtu alipotoka kumtafuta mumewe kwa ajili ya hotuba, aliona miguu minne imechomoza chini ya gari, miwili ikiwa imevaa viatu vipya vya harusi, na sauti ya mzee ikiuliza, "Sasa bomba la moshi wameliweka wapi?"