Upande wa Charity

Romano Duku hakuwa mtu wa kuombwa jambo asubuhi. Asubuhi alikuwa na bamia zake za kuchuma kabla jua halijakaza, na wote waliofanya kazi naye katika shamba la Rejaf walijua kwamba ukiwa na shida unasubiri mpaka anywe chai. Charity alilijua hilo kuliko wote. Alilelewa katika nyumba ya watoto ya Gudele, ile inayolishwa na shamba hilohilo, na tangu ana miaka saba alikuwa akiletwa kila Jumamosi kupalilia na wenzake. Sasa ana ishirini na mmoja, ana meza yake ya mboga katika soko la Munuki, na siku hiyo hakusubiri chai.

Alimwambia kwamba watu wa Jubek, mchumba wake, wanakuja Jumamosi kuzungumza mahari. Akachuma bamia tatu nne, kisha akauliza, "Baba Romano, upande wangu atakaa nani?"

Romano akajifanya hakusikia. Jamani, angejibu nini? Msichana huyu aliachwa langoni akiwa bado ananyonya, hakuna aliyejua kabila lake wala jina la mama yake. Na yeye Romano, aliachwa na mke huko Uganda zamani za ukimbizi, na mtoto hakujaliwa. Kiti cha baba wa bibi harusi hakuwahi kukikalia. Alijisikia hofu na, tuseme ukweli, alijisikia furaha pia, na mambo hayo mawili yalimharibia asubuhi nzima.

Kikwazo kilikuwa Mama Lillian. Huyu alikuwa Mganda, mkuu wa nyumba ya watoto, mwanamke mwema, lakini akikataa amekataa. Nyumba yake haikupokea hata mbuzi kwa ajili ya mtoto yeyote. Alikuwa na sababu yake. Miaka ya nyuma alijitokeza mtu aliyejiita mjomba wa msichana mmoja wa pale, akaleta barua na machozi, akakabidhiwa msichana. Baada ya mwezi wakasikia amemwoza binti huyo mbali, akatokomea na ng'ombe. Mama Lillian alilia wiki nzima, na tangu hapo neno mahari hakutaka kulisikia.

Romano alipanda boda boda mpaka Gudele kumsihi. Alichopata ni ruhusa ya kukaa tu. Akae, awakaribishe wageni, wanywe soda, lakini kitu kisipokewe.

Jumamosi wageni wakaja sita, wakiongozwa na Mzee Gune, baba mkubwa wa Jubek. Walikuja na dume la ng'ombe na mbuzi watano, wakawafunga karibu na pampu ya maji. Pampu ya shamba ndiyo inayotegemewa na kijiji chote, kwa hiyo wanawake waliokuwa wakiteka maji waliona kila kitu, na habari zikafika kila boma kabla wageni hawajakaa. Viti vilipangwa kwenye banda la karanga. Mama Lillian akawashukuru vizuri sana, kwa heshima zote, kisha akawaomba warudi na wanyama wao.

Mzee Gune hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliinamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili chake alichojifunza kambini Uganda, "Mama, sisi hapana kuja kununua mtu. Lakini mimi iko na swali moja. Siku kijana yetu anapiga huyu msichana, nani atakuja kugonga kwetu?"

Charity, aliyekaa mkekani pembeni, akatazama vidole vyake. Kwa watu wa huko, aliyepokea mahari ndiye anayeulizwa, na ndiye anayekuja mambo yakiharibika. Msichana aliyetolewa bila kitu hana wa kumkimbilia, na kila mtu pale alilijua hilo. Hata Mama Lillian alilijua.

Romano alitaka kusema kwamba atakuja yeye. Lakini ana miaka sitini na minane na goti bovu, ahadi yake ingedumu miaka mingapi? Akageuza macho nje kwa uchungu. Watoto wa nyumba, ishirini na wanane, walikuwa wameacha kupalilia, wamekaa kwenye mtaro wakisikiliza kwa wizi. Hapo likamjia jambo alilokuwa akisimulia babu yake, kwamba zamani ng'ombe walipokufa kwa maradhi, watu walioa kwa maloda, yale majembe ya chuma bapa. Na walioolewa hivyo waliheshimiwa kama wengine.

Akasimama, goti likalia. "Rudisheni ng'ombe, mlete majembe," alisema. "Moja kwa kila mtoto wa nyumba hii, na moja langu. Atakayepokea, huyo ndiye ndugu yake."

Mama Lillian akauliza kama jembe nalo si mali. Romano, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia tangu Gudele, akamjibu kwamba ni mali, ndiyo, lakini hakuna mjomba wa kutoroka na majembe yaliyo mikononi mwa watoto ishirini na wanane. Mama akaomba maji ya kunywa. Akayanywa polepole, akasema hakatai, lakini pia hajakubali, atakuja aone kwa macho yake. Mzee Gune akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Baada ya wiki mbili majembe yakaja kwa gari kutoka soko la Konyokonyo, ishirini na tisa, mipini mipya. Watoto wakapanga foleni. Mzee Gune hakukubali kusaidiwa, aligawa mwenyewe, moja moja. Alimuuliza kila mtoto jina lake, akamwambia, "Huyu ni dada yako. Akilia, wewe unakuja." Na kila mmoja aliitikia kwamba atakuja, hata Emma wa miaka minne, ambaye jembe lake ilibidi abebewe. Charity alisimama kando akilia waziwazi, wala hakujisumbua kufuta machozi.

Wa mwisho alikuwa Romano. Alikwisha kulishika lake alipohisi kuna mtu nyuma yake kwenye foleni. Alikuwa Mama Lillian, viatu vimejaa vumbi, mkoba kwapani, mkono ameunyosha. Mzee Gune akatazama ndani ya gari, hakukuwa na kitu, akaona haya. Romano akamkabidhi mama lile la kwake.

"Mimi nitakuja hata bila jembe," alisema.

Mama Lillian hakumshukuru. Aliliegemeza begani, akamgeukia Mzee Gune, akamuuliza nyumba yao iko wapi. Mzee akasema iko upande wa kanisani.

"Kanisani upande gani? Nielekeze vizuri."

Mzee Gune akamwelekeza. Unalipita kanisa la zamani, unashika njia ya mtoni, unahesabu maboma matatu, lenye mlango wa bati ndilo lao. Mama Lillian akayarudia maneno yote bila kuruka hata moja, na watoto, majembe mabegani, wakasogea karibu ili nao waishike njia.