Rusheni Moja Moja

"Vidole vingapi?"

"Vitatu," Emlyn Rudge alijibu huku akiendelea kujifunga bendeji mkononi.

Bi Laddock akashusha mkono. Vilikuwa vitatu kweli, lakini uso wake haukulegea hata kidogo. Mjane huyu ndiye aliyekuwa mwenye banda la ngumi, na kwa jinsi alivyozunguka nalo katika viwanja vya bembea vya mabonde yote ya Wales, hapakuwa na uongo wa mabondia ambao hakuwahi kuusikia.

"Umebahatisha," alisema.

Hakuwa amebahatisha, wala hakuwa ameviona. Bi Laddock hakuwa mtu wa kujisumbua. Kila akitaka kumpima mtu macho alinyoosha vidole vitatu, na Emlyn alikuwa ameshaligundua hilo tangu Pasaka.

"Jana ulipitiliza kamba ukaangukia mapajani pa mke wa muuza nyama."

"Hakulalamika."

"Mumewe alilalamika. Sasa nisikilize, Emlyn. Unadhani sijui kwa nini Sonny ndiye anayekuokotea hela kila pambano likiisha? Leo Sonny atabaki nje na ngoma yake. Hela zikirushwa utaokota mwenyewe, na mimi nitakuwa nimesimama pale pale nakutazama. Ukishindwa, kesho tukihama huondoki nasi. Sitaki maiti bandani kwangu."

"Nitaokota."

"Haya. Tutaona."

"Wewe utaona. Mimi nitaokota."

Bi Laddock alitaka kucheka, akajizuia, akatoka.

Ilikuwa hivi: pambano likinoga, watazamaji walirusha sarafu ulingoni, na mabondia wawili wakagawana. Banda lilimpa Emlyn chakula na kitanda ndani ya gari la kulala. Mengine yote, tumbaku, viatu, bia ya Jumamosi, yalitoka kwenye sarafu hizo.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Ngumi moja kule Liverpool ilitosha, na daktari aliyemmulika tochi alimnyang'anya leseni siku hiyo hiyo. Ndivyo alivyoishia bandani, mahali ambapo hakuna anayeulizia leseni. La kulia lilikuwa zima mpaka mwaka huu, kisha likaanza kuingia ukungu kama kioo cha dirisha kilichopumuliwa. Watu bado aliwaona, vivuli vinene vinavyotembea. Vitu vidogo ndivyo vilivyomtoroka: kwanza maandishi ya gazeti, kisha vifungo vya shati, kisha sarafu. Alikuwa na miaka arobaini na minne, hana nyumba, hana mke, na kazi aliyoijua ilikuwa moja tu. Aliogopa, na kwa kuwa aliogopa alikuwa mkali tangu asubuhi. Alikuwa ameshagombana na Sonny, na muuza chipsi, na hata farasi mmoja wa mbao wa bembea aliyemgonga begani.

Sonny akapiga ngoma. Emlyn akavaa joho lake la bluu lililochakaa, akapanda jukwaa la mbele ya banda. Chini yake wachimba makaa walikuwa wamejaa, wameoga, wamevaa kofia zao za mapumziko, harufu ya siki na mbaazi za moto ikiwapanda kutoka mikononi.

"Nani mwanamume hapa?" Bi Laddock alipaza sauti. "Raundi tatu tu na Emlyn Rudge, mtoto wa bonde hili hili, aliyekosa kugombea taji la Uingereza kwa robo pointi!"

"Robo pointi au robo chupa?" mtu akadakia.

"Panda juu uonje zote mbili!" Emlyn akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Robo pointi ile ilikuwa ya kweli. Kabla ya vita, London, refa alitafuna penseli yake weee, kisha akaunyanyua mkono wa mtu mwingine. Mpaka leo Emlyn hakulitaja jina la refa yule, ila alilitukana kimoyomoyo kila alipofunga bendeji.

"Mimi," sauti ikasema kutoka kwenye umati, na mwenyewe akapanda jukwaani.

Kelele zikazuka, maana kila mtu alimjua Trefor Beynon. Kijana wa miaka ishirini, mchimba makaa, bondia wa ridhaa asiyewahi kupoteza pambano tangu avae glovu. Mwezi ujao alikuwa aende London na fulana nyekundu ya Wales.

"Beynon! Shuka!" Huyo alikuwa Bwana Picton, katibu wa chama cha ridhaa, aliyevaa koti lenye nembo kifuani hata kwenye bembea. "Umerukwa na akili? Hawa ni watu wa kulipwa!"

"Baba yangu yuko kitandani, mapafu yamekwisha, Bwana Picton," Trefor alisema. "Kila siku ananisimulia habari za Emlyn Rudge. Nataka nirudi nyumbani nimwambie nimecheza naye. Basi."

Picton akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, ila alizipenda kanuni kama wengine wanavyopenda mbwa wao. "Nitasema ulikuwa mazoezini," alisema mwishowe. "Lakini ukigusa hela iliyorushwa, hata peni moja, wewe ni bondia wa kulipwa kuanzia dakika hiyo. Fulana utaisahau. Nitakuwa mstari wa mbele."

"Sitagusa."

Emlyn aliyasikia yote. Naye aliwahi kuwa kijana wa ridhaa, akashinda vikombe ambavyo mama yake aliviwekea maua, mpaka siku alipopokea pesa ya kwanza mkononi. Mlango ule ukishautoka hurudi tena.

Wakaingia ndani. Ulingo wa banda ulikuwa mbao zilizopangwa juu ya mapipa, na turubai juu yake. Kila hatua ililia. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya Emlyn. Mbao zilimwambia mtu yuko wapi, uzito wake uko mguu gani, anakuja au anarudi.

Kengele ikalia. Kivuli cheupe kikamjia, chepesi, chenye haraka ya ujana. Ngumi mbili za kushoto zikamfika puani kabla hajatulia. Kisha akasikia kitu kingine, fff, na papo hapo mkono wa kulia ukamkwaruza sikio. Akangoja. Fff. Akainama, na ngumi ikapita juu. Emlyn akatabasamu na damu yake mdomoni. Dogo alikuwa anavuta pua kila alipotaka kurusha mkono wa kulia!

Raundi yote ya kwanza akala raha. Fff, akainama. Fff, akaegemea kamba. Fff, akampachika ngumi ya tumbo, watu wakapiga miluzi. Hata Bi Laddock, mikono kifuani kwenye kona, alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Raundi ya pili mambo yakageuka. Trefor hakuwa mjinga. Alizunguka upande wa kushoto wa mzee, akarusha ngumi ndefu ya pembeni bila kuvuta pua, na Emlyn hakuiona kabisa. Ilimwangusha goti moja. Akainuka kabla ya kuhesabiwa. Kijana akamtazama usoni, akaliona lile jicho, akaelewa. Kuanzia hapo ngumi zikakoma upande ule. Zikaja upande wa kulia tu, laini, za adabu.

Emlyn akamkumbatia, akamlalia begani kwa uzito wote.

"Mkono umelala?" alimnong'oneza.

"Mzee wangu, huku huoni."

"Nani kakuuliza? Piga."

"Siwezi, mzee. Nitakuumiza."

"Sikiliza, wewe mtoto. Yule mama pale ananitazama. Ukinihurumia ataona unanihurumia, na hapo ndipo utakaponiumiza. Nilikuwa napigwa na wanaume wewe hujazaliwa. Piga huko huko!"

Refa wa banda akawatenganisha. Trefor akasita, kisha akapiga, huko huko. Kichwa cha Emlyn kikaruka nyuma, nyota zikamjaa kwenye jicho ambalo halikuwa limeona kitu kwa miaka, na moyo wake ukafurahi kabisa. Hivyo ndivyo mtu anavyoheshimiwa.

Raundi ya tatu wazee wa bonde lile waliisimulia mpaka walipokufa. Hakuna aliyerudi nyuma. Mzee alilala kwenye kifua cha kijana na kumchimba mbavu kama yuko shimoni kwenye mwamba wa makaa. Kijana alimrudishia kwa mikono yote miwili, kutoka pande zote. Kengele ilipolia hawakuisikia, ikabidi refa ajipenyeze katikati yao na kupigwa moja ya kwake.

Banda likalipuka. Glovu zikavuliwa, Emlyn akavishwa joho lake, na sarafu zikaanza kunyesha.

Kwa kawaida Sonny angekuwa ameshaingia na taulo. Emlyn akainama mwenyewe. Sauti zilikuwa nyingi mno kwa pamoja, zinagonga, zinabingirika, zinagongana, hakuweza kuifuata hata moja. Akapapasa, akapata peni. Akapapasa tena, akapata mkunjo wa turubai. Shilingi ilikuwa mbele ya kiatu chake, inang'aa chini ya taa, akaipita. Akarudi, akaipita tena.

"Miguuni, Emlyn! Itakuuma!" mtu alipiga kelele, wengine wakacheka.

Bi Laddock hakucheka. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kifuani.

Trefor aliiona ile shilingi. Alisahau fulana, alisahau London, akainama kama ambavyo kijana yeyote aliyelelewa angeinama kumsaidia mzee. Ungekuwa ni uungwana tu machoni pa watu. Bi Laddock asingepata la kusema, mzee angejaziwa viganja vyake, na kesho angeondoka na banda. Emlyn alihitaji kunyamaza tu.

Kutoka mstari wa mbele Bwana Picton akaita, "Beynon!"

Mbao zikalia upande wa kulia. Emlyn aliwahi. Kiatu chake kikatua juu ya vidole vya kijana, si kwa nguvu, ila havikuweza kutoka.

"Ukigusa hela yangu nitakuvunja mkono," alisema kwa sauti ambayo banda zima lilisikia. "Nenda kasimame kwenye kona."

"Mzee, acha nikusa..."

"Kwenye kona! Na hiyo pua yako inakusema, unanisikia? Unaivuta kila unapotaka kupiga. Kule London watakusikia hata viziwi. Ifunge."

Trefor akaenda kwenye kona, mikono mitupu, machozi yakimtoka bila kificho. Emlyn Rudge akapiga magoti yote mawili. Akaanza kupapasa turubai mbele ya watu wote, polepole, kiganja kizima, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kicheko kikafifia, kisha kikafa. Hapakuwa na mtu bandani ambaye sasa hakujua.

"Basi, Emlyn," Bi Laddock alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa ya jukwaani. "Inatosha. Nimeshaona."

"Nilikwambia utaona. Na mimi nilisema nitaokota. Sijamaliza."

Akaendelea. Ikachukua muda mrefu, na hakuna aliyetoka. Alipofika kwenye ile shilingi aliigusa kwa kidole kidogo, akaifunika kwa kiganja, akaitia kwenye mfuko wa joho pamoja na nyingine. Kisha akanyanyua uso wake uliovimba kuelekea kwenye vivuli.

"Nyie wa nyuma mmelala? Pambano kama lile mnalipia hivi? Rusheni! Ila rusheni moja moja. Nataka nisikie inaangukia wapi."

Halafu huko nyuma kabisa mtu akatia mkono mfukoni. Sarafu ikapaa juu ya kofia za watu, ikapita kwenye mwanga wa taa, na Emlyn, magoti yake yakiwa juu ya turubai, akageuza sikio.