Nyota ya Kulinganishia

Nyota mimi nazipima mchana, dukani kwa Kunal mjini Shinyanga, huku wateja wakinunua kalamu na madaftari. Anayeshangaa ashangae. Darubini iko Ulaya, mlimani, na hupiga picha yenyewe, bila mtu. Leo naiagiza kwa kompyuta, kesho picha inaingia kwa laini ya simu, polepole, na umeme ukikatika tunaanza upya. Huu ni mwaka wa tisini na tisa. Nani mwingine hapa mjini ana kazi kama hiyo?

Mwanga wa nyota yangu hupanda na kushuka. Ili kujua umeshuka kiasi gani, unailinganisha na jirani yake asiyebadilika, aliyechaguliwa na chama cha wapimaji wa nyota, chenye darubini ile. Programu inapiga hesabu, wewe unatuma namba.

Sasa, mimi nilichambua almasi Mwadui miaka ishirini na miwili. Rangi ya jiwe tuliipima kwa kuliweka kando ya jiwe la mfano. Lakini kila asubuhi jiwe la mfano lenyewe tulilipima kwanza kwa jingine, maana kosa lake lingekuwa kosa la mawe yote ya siku hiyo. Basi na yule jirani nikampima kwa nyota nyingine mbili. Hakutulia hata kidogo. Katika picha kumi na moja alififia, akarudi, akafifia tena. Nikakiandikia chama.

Mratibu wao akajibu: “Nyota hiyo tumeitumia miaka thelathini. Wapimaji wapya hukosea. Rekebisha namba zako kabla ya Ijumaa, la sivyo tutakufungia darubini.”

Niliwaka. Kunal alikuwa anasoma nyuma yangu.

“Badilisha tu, Mama Rhoda. Nani atajua?”

“Nitajua mimi.”

“Watakufungia kweli.”

“Wafunge!”

Niliogopa, sikatai. Tangu nistaafu, darubini ile ndiyo kitu pekee kinachonitoa nyumbani kwa haraka. Hata hivyo niliwarudishia namba zilezile, pamoja na picha zote, nikaandika: “Pimeni wenyewe.”

Ijumaa wakanifungia. Wiki mbili nzima nilishinda nyumbani nikigombana na kuku.

Ndipo Kunal akaja mwenyewe mlangoni, akaniita dukani. Chama kilikuwa kimewatumia wanachama wote tangazo: nyota ile isitumike tena, kwani imegundulika kwamba inabadilika. Chini yake mimi nilikuwa nimeandikiwa mstari mmoja, kwamba nimefunguliwa darubini.

“Umeshinda, Mama!”

Imegundulika! Kana kwamba imejigundua yenyewe. Nikavuta kiti, nikaandika: “Haikugundulika. Nimeigundua mimi, Bernadina Maduhu, wa Shinyanga. Tumeni tangazo upya, na jina langu liwemo.”

Kunal akaweka kiganja juu ya kibodi. “Mama, tafadhali. Watakufungia tena.”

Nikauondoa mkono wake, nikatuma.